Mgonjwa Aliyekataa Kulala: Maisha ya Edel Quinn

Nilipoombwa na wenzangu wa Chama cha Kiswahili niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wengi darasani walidhani ningemwandika Dedan Kimathi ama Shaaban Robert. Hao wawili wanastahili sifa zote, lakini wameshaandikwa sana. Mimi nimemchagua mwanamke ambaye jina lake nililisikia mara ya kwanza jikoni kwa nyanya yangu, mtaa wa Jericho. Anaitwa Edel Quinn. Alizaliwa mbali sana na hapa, lakini amezikwa papa hapa Nairobi, na kazi aliyoianza bado inatembea kwa miguu katika mitaa yetu ya Eastlands.

Kabla sijasonga mbele, wacha niwaeleze nilivyozifikia habari zake. Nyanya yangu amepita miaka themanini. Amezaa watoto saba na kuwalea wote katika nyumba ndogo ya City Council, na ni Mkatoliki asiyekosa Misa hata mvua ikinyesha ya mawe. Kila wiki yeye na wenzake wa Lejio ya Maria hukutana kanisani, kisha hugawana kazi. Basi utamwona amejifunga leso, rozari mkononi, na mwenzake mmoja kando yake, wanakata mitaa: leo Makadara, kesho Maringo, keshokutwa Shauri Moyo. Wanakwenda kuwaona wagonjwa, wazee wasio na mtu, na watu waliokata tamaa. Hawalipwi hata senti moja.

Mimi, kusema kweli, nilikuwa nikiona haya. Vijana wa kona yetu walikuwa wakiniuliza kama nyanya yangu ameandikwa kazi na padre. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikwenda mikono mitupu. Kwetu sisi mtu haendi kumwona mgonjwa bila hata sukari robo. Siku moja nikamuuliza, tena kwa ukali kidogo, kwa nini awasumbue wagonjwa kwa maneno matupu na hali wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nyanya hakukasirika. Aliendelea kukata sukuma wiki yake polepole, halafu akaanza kunisimulia juu ya msichana mmoja mgonjwa aliyekuja Nairobi zamani za ukoloni. Tangu siku hiyo nimesoma na kuulizia mengi zaidi, na hayo ndiyo ninayowaletea leo.

Kwanza niondoe utata. Hapa Eastlands mtu akisikia Lejio ya Maria hufikiria moja kwa moja wale ndugu wa Legio Maria wanaovaa kanzu na kupita barabarani wakiimba. Hao ni kanisa lao wenyewe, lililotokea Nyanza mwaka 1963 likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Lejio ninayoiandika ni chama cha waumini wa kawaida ndani ya Kanisa Katoliki. Kilianzishwa na Frank Duff, mfanyakazi wa serikali, katika mji wa Dublin nchini Ayalandi, tarehe 7 Septemba 1921. Kikundi kimoja huitwa presidiamu. Wanachama hukutana kila wiki, husali, hupewa kazi, huenda wawili wawili, na wiki inayofuata kila mmoja hutoa ripoti ya alilolifanya. Wana sheria moja ngumu: wakiwa katika kazi hiyo hawaruhusiwi kugawa pesa wala vitu. Kumbe ndiyo sababu ya mikono mitupu ya nyanya! Wanachotoa ni wakati wao na nguvu zao.

Sasa tumwangalie Edel mwenyewe. Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907, karibu na mji mdogo wa Kanturk, jimbo la Cork, kusini mwa Ayalandi. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Inasimuliwa kuwa wazazi walitaka aitwe Adele, lakini padre wakati wa ubatizo akasikia Edel, na Edel likabaki. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki, na watu wa benki wakati huo walihamishwa huku na huku kama vile walimu wetu wanavyohamishwa, kwa hiyo watoto walikua wakihama mji hadi mji.

Msidhani alikuwa mtoto wa kukaa kimya akisali mchana kutwa. La hasha! Alikuwa mcheshi na mtundu. Alipenda dansi, alicheza tenisi, na alipiga piano vizuri. Alipelekwa shule ya bweni ya masista nchini Uingereza, lakini mambo ya pesa ya baba yake yakaharibika, ikambidi arudi nyumbani. Wale wenzangu ambao mmewahi kutumwa nyumbani kwa ajili ya karo mnajua uchungu wa safari ya namna hiyo. Edel hakukaa akilia. Alijifunza ukarani na kupiga taipu, akapata kazi katika ofisi mjini Dublin, na mshahara wake ukasaidia kulisha jamaa yake.

Moyoni alikuwa na hamu moja tu: kuwa mtawa wa Mtakatifu Klara katika mji wa Belfast. Hao ni watawa wanaoishi ndani ya nyumba yao maisha yote, katika umaskini na sala. Lakini angeondokaje na hali nyumbani walimtegemea? Akaamua kungoja. Alipokuwa akingoja, mwajiri wake, Mfaransa mmoja, alimpenda akataka kumwoa. Edel alimkatalia kwa upole, akamweleza nia yake ya utawa. Walibaki marafiki.

Mwaka 1927 alijiunga na Lejio ya Maria. Haukupita muda mrefu akafanywa kiongozi wa presidiamu iliyokuwa na kazi ngumu mno: kuwatembelea wanawake waliouza miili yao katika vichochoro vya Dublin. Kulikuwa na watu waliodhani msichana mdogo namna ile, aliyevaa nadhifu na kucheka sana, angekimbia siku ya pili. Hakukimbia. Alibisha hodi kwenye milango ile ile wiki baada ya wiki, bila kumfokea wala kumdharau mtu.

Ilipofika mwaka 1932 aliona sasa njia ya utawa imefunguka. Kumbe lisemwalo ni kweli, binadamu hupanga na Mungu hupangua. Kabla hajaenda Belfast alianza kutapika damu. Madaktari walimpima wakakuta ana kifua kikuu, tena kilichokwisha kumla sana. Alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Newcastle, jimbo la Wicklow, akalazwa miezi kumi na minane.

Hapa yafaa tukumbuke hali ya siku zile. Dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu haikuwapo. Mgonjwa alilazwa kitandani, akalishwa vizuri, akawekwa penye hewa safi, basi. Wengine walipona, wengi walikufa. Edel aliona kwamba hapati nafuu ya maana na kwamba gharama inaielemea familia. Akatoka hospitalini akiwa bado mgonjwa, akatafuta kazi nyingine ya ofisi, akarudi katika Lejio. Mlango wa utawa ulikuwa umefungwa. Mimi ningekuwa yeye ningekaa nyumbani nikawalaumu watu wote.

Mwaka 1936 wamisionari wa Afrika Mashariki waliiomba Lejio itume mjumbe wa kuanzisha vikundi huku kwetu. Jina la Edel likapendekezwa. Mkutano ulichemka! Baadhi walisema kumtuma mgonjwa wa kifua kikuu Afrika ni kumtuma kaburini: kuna jua kali, malaria, barabara mbovu na masafa marefu. Edel alisimama akawaeleza kwa utulivu kwamba anajua vizuri anakokwenda, na kwamba haendi kustarehe. Mwisho wakakubali. Mwishoni mwa Oktoba 1936 alipanda meli, na tarehe 23 Novemba akatia mguu Mombasa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hakuwahi kuiona Ayalandi tena.

Nairobi aliyoikuta si hii yetu. Jericho haikuwapo, Buruburu haikuwapo, Umoja ndiyo usiseme. Upande huu wa mashariki Waafrika walikaa Pumwani, Kariokor na mitaa mingine michache, na mwanamume wa Kiafrika alitembea na kipande shingoni. Wazungu walikuwa na upande wao, Wahindi na Wagoa wao, na Waafrika wao. Hospitali zilitengwa, shule zilitengwa, hata mabehewa ya treni. Kanisani nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Wazungu walisali kwao, na Waafrika Wakatoliki wa mjini walisali katika kanisa la Mtakatifu Petro Klaver, lile mnaloliona mkipita na matatu Racecourse Road.

Edel alianzisha presidiamu kwa Wazungu, kwa Wagoa na kwa Waafrika. Lakini sheria za Lejio zinataka vikundi vya mahali pamoja viwe na baraza moja linaloviunganisha, linaloitwa kuria. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Watu walimwambia kwamba katika nchi hii haiwezekani Mzungu, Mgoa na Mwafrika kuketi meza moja na kusikiliza ripoti za mwenzake. Edel hakutoa hotuba ya siasa. Alishika sheria yake tu: kuria ni moja. Ikawa moja. Mwaka 1937 watu wa rangi zote walikuwa wakiketi chumba kimoja Nairobi, mbele ya Mungu wakiwa sawa, na hali nje ya mlango serikali ilikuwa inawatenga.

Mwenzangu mmoja aliposoma andiko hili aliniuliza kwa nini nimsifu Mzungu wa wakati wa ukoloni. Swali lake ni zuri, tena nililifikiria siku kadhaa. Jibu langu ni hili. Edel hakuja kuchukua shamba la mtu. Tena hakung'ang'ania kuongoza. Alipofika mahali alikusanya watu wachache, aghalabu wakulima na akina mama wasiojua hata kusoma, akawafundisha namna ya kuendesha mkutano, wakachagua mwenyekiti na karani kati yao wenyewe, kisha akaondoka. Sala za Lejio zilitafsiriwa kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwemo. Aliporudi baada ya miezi alikuta kazi inaendelea bila yeye. Kiongozi wa namna hiyo ni adimu, hata leo.

Na safari zake si mchezo. Alinunuliwa motokaa kuukuu aina ya Ford, naye kwa utani akaiita Rolls Royce yake. Dereva wake alikuwa Mwislamu, na wawili hao walielewana vizuri njia nzima. Walikwama matopeni, walivuka mito iliyofurika, walilala popote giza lilipowakuta. Pale gari liliposhindwa alipanda lori, treni au alikwenda kwa miguu. Alizunguka Kenya, akaenda Uganda, akaenda Tanganyika hadi Kilimanjaro. Mwaka 1940 alifika kisiwa cha Mauritius, kisha Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Hiyo ilikuwa wakati Vita vya Pili vya Dunia vimewaka na safari za baharini zilikuwa za hatari. Kila usiku, hata akiwa amechoka vipi, aliandika barua kwa vikundi alivyoviacha nyuma, na kila asubuhi ilipowezekana alikuwa wa kwanza kanisani.

Lakini mwili una mipaka. Mwaka 1941 akiwa Nyasaland aliugua vibaya, malaria na kifua pamoja, akabaki mifupa na ngozi. Alipelekwa Afrika Kusini akalazwa hospitali ya kifua kikuu karibu na Johannesburg. Wengi walidhani amefika mwisho. Hata pale kitandani aliendelea kuandika barua, na wauguzi walishangaa kuona mgonjwa anayewafariji wao. Mwaka 1943 alirudi Nairobi. Sasa hakuweza kutembea mbali, alihema akipanda ngazi chache, lakini alifanya kazi kwa saa alizoweza, kisha alilala kidogo, kisha akaanza tena.

Jioni ya tarehe 12 Mei 1944, siku ya Ijumaa, moyo wake ulisimama katika nyumba ya masista hapa Nairobi. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Katika miaka saba na nusu alikuwa ameanzisha mamia ya vikundi. Alizikwa katika makaburi ya wamisionari ya St. Austin's, misheni iliyoanzishwa mwaka 1899, karibu na Askofu Joseph Shanahan, yule mmisionari mkubwa wa Nigeria aliyefariki Nairobi siku ya Krismasi mwaka 1943. Mwili wa askofu ulihamishwa kurudi Nigeria mwaka 1956. Edel alibaki kwetu. Tarehe 15 Desemba 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mheshimiwa, hatua inayotangulia kuitwa mwenye heri na hatimaye mtakatifu.

Jambo moja linaniuma kila nikilifikiria. Dawa ya streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuua vijidudu vya kifua kikuu, ilipatikana katika maabara nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 1943. Edel alikufa miezi michache tu baadaye, kabla dawa hiyo haijaanza kuwafikia wagonjwa. Angengoja kupona kwanza ndipo afanye kazi, asingefanya kitu chochote maishani.

Na sasa nitasema kilichonifanya nichague habari hizi. Mwaka jana jirani yetu, kijana fundi wa viatu, alishikwa na kifua kikuu. Habari zilienea ploti nzima kabla ya jua kutua. Watu wakaacha kumpelekea viatu. Mtungi wake wa maji ukatengwa. Mimi mwenyewe, ambaye alinishonea viatu vya shule mara ngapi sijui, nikawa napita upande ule mwingine nikijifanya simwoni. Nyanya akaniambia nimsindikize kwake. Nikakataa. Akanikumbusha kwamba Edel alikuwa na ugonjwa huo huo. Nikanyamaza, lakini nikaenda, na miguu ilikuwa mizito kama mawe.

Tulienda mikono mitupu. Nyanya alifungua dirisha hewa ipite, akaketi, akamsikiliza. Mimi nilichota maji nikajaza mtungi. Tuligundua kwamba kijana huyo alikuwa ameacha vidonge kwa sababu alijiona amepata nafuu, na pia aliona haya kuonekana kwenye foleni ya kliniki. Kumbe vidonge hivyo hutolewa bure katika hospitali za serikali, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Ukiacha njiani ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Asubuhi iliyofuata nyanya alimsindikiza kliniki, wakakaa wote kwenye foleni. Akaendelea kumsindikiza hadi aibu ikamtoka. Leo kijana huyo amepona, na viatu nilivyovaa ninapoandika haya amevishona yeye.

Hapo ndipo nilipoelewa mkono mtupu. Sukari robo ingeisha siku mbili. Mtu wa kukaa nawe foleni haisahauliki kazi yake.

Mwezi wa Mei nyanya alinichukua tukaenda kuliona kaburi la Edel. Tulipanda matatu hadi tauni, tukabadilisha nyingine ya kupandia Waiyaki Way, kisha tukatembea. Makaburi ni ya mapadre, mabruda na masista wengi, na katikati yao amelala yeye ambaye hakuwa padre wala sista. Nyanya alipiga magoti kwa shida, nikamshika mkono. Nilifikiria jinsi mmoja alivyopewa miaka thelathini na sita na mwingine zaidi ya themanini, mmoja hakuzaa na mwingine amezaa saba, na bado wote wawili wamefanya kazi ile ile moja: kubisha hodi kwenye mlango ambao wengine wanaukwepa.

Wapenzi wasomaji, si lazima uwe Mkatoliki wala Mkristo ili ujifunze kitu hapa. Kila ploti ya Eastlands ina mlango mmoja unaokwepwa. Wewe unaujua wa kwenu. Usingoje uwe na pesa, usingoje umalize kidato cha nne, usingoje hata upone. Penye nia pana njia. Wino wangu unaelekea ukingoni, kwa hiyo naweka kalamu chini. Mungu awabariki, na tuonane tena katika toleo la mwaka ujao.